Friza Inakula Uniti Ngapi? Pima Mwenyewe kwa Mita ya LUKU

Nyumba yenye friza, pasi, feni na televisheni haikuambii nani amekula umeme. Unaona tu uniti zimeisha, na lawama inaiangukia friza. Pengine inasingiziwa, pengine kweli ndiyo. Kujua unahitaji mita yako ya LUKU, saa, na risiti ya mwisho ya umeme.

Hatua ya 1: Jua bei ya uniti yako

Chukua risiti. Toa kwanza kodi ya jengo, inayokatwa mara moja kwa mwezi, na deni kama lipo. Kiasi kinachobaki kigawanye kwa uniti ulizopata.

Mteja wa T1 (kundi la matumizi ya kawaida) bei yake ya msingi ni shilingi 292. Ukiongeza VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, uniti moja inafika shilingi 356.24, ndiyo maana elfu kumi inatoa uniti 28 na kidogo. Mteja wa D1 (kundi la nyumba zenye matumizi madogo) anapata uniti 75 za mwezi kwa shilingi 9,150, yaani 122 kwa uniti. Zikivuka 75, kila ya ziada ni shilingi 427 pamoja na makato. Kwa huyu wa D1, friza ndiyo kifaa cha kuchungwa kuliko vyote, maana inaweza kumaliza zaidi ya nusu ya zile 75 kabla hujawasha taa.

Hatua ya 2: Pima wati halisi

Bamba la nyuma ya friza litakuambia, tuseme, ampea 0.9. Zidisha kwa volti 230 unapata wati 207. Usiipigie hesabu ya mwezi namba hiyo: ni kiwango cha juu, na thamostati (kidhibiti joto) haiiachi kompresa, yaani mashine ya kupoza, iungurume saa 24.

Fanya hivi. Zima breka na vifaa vyote, ubaki na soketi ya friza tu. Kwenye mita kuna taa ndogo nyekundu inayomweka, na karibu yake pameandikwa imp/kWh (mimweko kwa kila uniti, yaani wati 1000 kwa saa moja): 1000, 1600 au 3200. Chomoa friza kwanza, uone kama taa hiyo imetulia. Ikiendelea kumweka, kuna kitu kingine bado kinakula. Kisha subiri dakika tano, rudisha friza, iache iungurume dakika kumi, halafu hesabu mimweko kwa dakika 5.

Kwenye mita ya 1000, mimweko 10 kwa dakika 5 ni 120 kwa saa, yaani wati 120. Kwenye mita ya 1600 gawanya hiyo 120 kwa 1.6, unapata wati 75. Mita ya 3200 gawanya kwa 3.2.

Hatua ya 3: Pima muda wa kompresa kufanya kazi

Kaa na saa masaa mawili mchana na masaa mawili usiku, andika kompresa inawaka saa ngapi na inazima saa ngapi. Ikiwaka nusu ya muda, wati 120 × saa 12 ni uniti 1.44 kwa siku, uniti 43.2 kwa mwezi, kama shilingi 15,390 kwa T1. Joto la Dar mwezi Januari likiifanya iwake theluthi mbili za siku, zinakuwa uniti 57.6, shilingi 20,500 na kidogo. Friza ni ileile.

Wengine husoma mita saa 4 usiku na saa 12 asubuhi kisha wanazidisha kwa tatu. Njia hiyo inapunja: usiku kuna ubaridi na hakuna anayefungua mfuniko.

Hatua ya 4: Kama unauza barafu, hesabu kwa lita

Hapa watu wengi wanapanga bei kwa kubahatisha. Kugandisha lita 10 za maji ya kawaida, yenye nyuzi 30 hivi, hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, kunakula takriban uniti moja. Kwa T1, pakiti 20 za nusu lita zina umeme wa kama shilingi 18 kila moja, ukiacha umeme wa kuitunza friza yenyewe, ambao unaulipa hata usipouza kitu. Maji ya moto yaliyotoka kuchemshwa yaache yapoe nje kabisa, maana kila nyuzi unayoingiza inatolewa kwa uniti.

Angalia pia bambani kilo ambazo friza inaweza kugandisha kwa saa 24. Ukiijaza kupita hapo, kompresa haizimi na pakiti za katikati zinabaki maji.

Hatua ya 5: Tafuta inapovujia

Mpira wa mfuniko: bana noti, vuta. Ikitoka bila kukwama, hewa ya joto inaingia papo hapo. Zungusha jaribio pande zote nne, hasa kwenye kona za upande wa bawaba.

Barafu ukutani ikizidi nusu sentimita, zima uyeyushe. Usichokoe kwa kisu: mabomba ya gesi yako nyuma tu ya bati hilo, na tundu dogo linaweza kukugharimu friza nzima.

Friza nyingi za kufungukia juu hutolea joto kwenye kuta zake za nje. Zikiwa na joto ni sawa. Kuzibana ukutani au kuzifunika kitambaa ndiko kunakoharibu, hivyo acha nafasi ya sentimita 10 kila upande.

Kompresa isiyozima kabisa, huku theluji imeshika sehemu moja tu ya ukuta, kwa kawaida ni dalili ya gesi kupungua. Mwite fundi atafute tundu kwanza. Kujaza gesi bila kuziba ni kulipa mara mbili. Ikiunguruma kidogo, ikalia "tik" na kuzima, mara kwa mara, pima volti: tatizo ni umeme mdogo au rilei (kiwashio cha kompresa) mbovu. Baada ya umeme kukatika isubiri dakika tano kabla ya kuiwasha, ili mgandamizo wa gesi ushuke, la sivyo kompresa itashindwa kuanza, na inaweza kuungua.