Jinsi ya kuhamisha nyuki wa porini waliojenga bustanini bila kuwaua

Juzi nimemsaidia jirani yangu, nyuki walikuwa wamejenga ndani ya pipa kuukuu nyuma ya nyumba, nimemkuta ameshashika dawa ya wadudu mkononi nikamwambia subiri kwanza, hao wanahamishika. Tulifanya hivi.

Hatua ya 1: Angalia kama kuna masega
Kama ni bumba tu limening'inia kwenye tawi, hao wako safarini, hawana majana (watoto wa nyuki) ya kulinda, mara nyingi ni wapole na ndani ya siku moja mbili wanaondoka wenyewe. Waache. Kama kuna masega, endelea kusoma. Kama wako ndani ya ukuta au juu mtini, au una aleji ya nyuki, mwite mfugaji wa nyuki, usijaribu mwenyewe.

Hatua ya 2: Vaa
Ovaroli nyeupe, kofia ya wavu, glovu, gambuti. Nguo nyeusi zinawachokoza.

Hatua ya 3: Moshi
Majani makavu tu, tafadhali, sio matairi wala mafuta ya taa. Pulizia kidogo mlangoni, subiri dakika mbili. Moshi unafunika ile harufu ya hatari wanayoitoa wakiuma, inanukia kama ndizi mbivu, ukiisikia rudi nyuma uongeze moshi.

Hatua ya 4: Masega
Kata yenye majana, yafunge kwenye fremu (viunzi vya mbao vya ndani ya mzinga mpya) kwa uzi wa pamba, upande wa juu ubaki juu. Ya asali tia kwenye ndoo yenye mfuniko, ukiyaweka mzingani yanakatika na asali inazamisha nyuki. Kisha wahamishie nyuki mzingani, na malkia akishaingia utaona wenzake mlangoni wameinua mikia wanapepea mbawa kuwaita waliobaki. Kuwahamisha kwa brashi mimi sipendi, inawaudhi, bora kuwakung'utia mzingani.

Hatua ya 5: Muda na umbali
Hapa ndipo mimi niliumia. Mara ya kwanza nilihamisha mchana, nikapeleka mzinga upande wa pili wa bustani hiyo hiyo, nikalala vizuri kabisa, kesho yake mamia ya nyuki wamejazana pale pa zamani wanazunguka hawana pa kuingia, na wengi walikufa, iliniuma sana. Nyuki anakariri mahali, sio boksi. Kwa hiyo acha mzinga palepale mpaka giza liingie na waliokwenda malishoni warudi wote, ndio uzibe mlango kwa wavu, usizibe kwa kitambaa wala mbao maana joto litawaua humo ndani, tumia taa nyekundu kwa sababu nyekundu hawaioni. Halafu ama usogeze chini ya mita moja kwa siku, ama upeleke mbali zaidi ya kilomita 5. Huna pa kupeleka mbali? Wafungie siku mbili hadi tatu kivulini, wavu wa hewa uwe mkubwa, kisha ukifungua weka matawi yenye majani mbele ya mlango ili wakitoka washtuke na wajifunze upya mahali walipo. Inasaidia, lakini wachache bado watarudi, kwa hiyo jioni pita pale pa zamani na boksi dogo uwaokote.

Hatua ya 6: Waache
Usifungue mzinga kwa wiki nzima. Ukikuta mayai mapya, malkia yupo.

Ukiumwa, kwangua mwiba haraka. Ukivimba koo au pumzi ikibana, hospitali hapo hapo.