Somo: Anza na nyasi, gunia lifuate

Wengi wakitaka wanakondoo wakue haraka hukimbilia gunia la pumba na mashudu, nyasi wakazitupia tu za kushikia tumbo. Mimi naenda kinyume. Natazama kwanza nyasi nilizonazo, ndipo najua gunia liwe na nini.

Hatua ya 1: Pima uzito. Macho hudanganya, hasa sufu ikiwa ndefu. Mwanakondoo anayekua hula kwa siku kama asilimia 4 ya uzito wake, tukihesabu chakula bila maji yaliyomo. Wa kilo 20 atahitaji gramu 800.

Hatua ya 2: Gawanya. Kwa aliyeachishwa kunyonya, naanzia nusu kwa nusu: gramu 400 za nyasi, 400 za chakula cha ziada. Sasa rudisha maji. Gramu 400 ni sawa na gramu 450 hivi za hei, yaani nyasi zilizokaushwa, au za mchanganyiko wa gunia, lakini nyasi mbichi, ambazo karibu asilimia 80 ni maji, zitafika kilo 2. Hapa ndipo wengi huteleza: hori limejaa majani, mnyama ana njaa.

Hatua ya 3: Tafuta protini. Lengo ni kama asilimia 15. Hei ya nyasi za kawaida ikiwa na 8, mchanganyiko wako lazima uwe na 22 ndipo wastani uje 15, kwa hiyo mashudu yatakuwa mengi. Ukiwa na hei nzuri ya lusini, mmea wa jamii ya kunde, yenye 16, mchanganyiko wa 14 unatosha na mahindi yanachukua nafasi kubwa. Anayekuuzia gunia bila kukuuliza unalisha nyasi gani anabahatisha.

Hatua ya 4: Ingiza polepole. Anza na gramu 100 za mchanganyiko kwa siku, ongeza 50 kila baada ya siku 2 au 3. Kufika 450 ni wiki 2 hadi 3, na usiikate njia. Wanga ukiingia kwa kishindo, vijidudu vya tumboni hutoa asidi nyingi kuliko mnyama anavyoweza kuhimili. Nyasi ndefu humfanya acheue, na akicheua humeza mate ambayo yana magadi ya kuipoza asidi hiyo. Ndiyo maana hei iliyosagwa ikawa unga haikusaidii hapa. Toa hei kwanza, pumba zifuate, tena kwa milo 2. Nilishampoteza mmoja aliyesukuma mlango wa stoo usiku; asubuhi nilimkuta amelala ubavu, tumbo kama ngoma, pumba bado ziko puani.

Hatua ya 5: Soma kinyesi. Kiwe punje zinazoachana. Kikilegea kama uji, rudi kwenye kiwango cha siku 3 zilizopita na uongeze hei. Wakilala baada ya kula, wengi wao wawe wanacheua.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Nimebakiwa na madini ya ng'ombe, naweza kuwachanganyia?

Marahaba. Usithubutu. Mengi yana shaba ya kumfaa ng'ombe, na kondoo huilimbikiza kwenye ini mpaka siku inamwagika kwenye damu kwa mpigo. Chakula cha kuku nacho usiwape. Tafuta madini yaliyoandikwa kondoo.

Mwalimu, dume niliyemhasi anajikamua, mkojo unatoka matone. Je, ni hizi pumba?

Mwite daktari wa mifugo leo hii, huenda ana mawe kwenye njia ya mkojo. Na ndiyo, pumba na nafaka zina fosforasi nyingi, kalsiamu kidogo. Kwa wenzake, tia chokaa ya mifugo kilo 1 kwenye kila kilo 100 za mchanganyiko, ili kalsiamu isogee kuelekea mara 2 ya fosforasi. Chumvi na maji safi visikosekane, maana anayekunywa sana husafisha njia.

Wakubwa wanamaliza pumba, wadogo wanabaki kutazama. Nifanyeje?

Refusha hori, kila mmoja apate sentimita 30. Wakizidiana sana uzito, watenge. Anayewanyima wenzake ndiye atakayeugua kwanza.

Ni lazima kusaga mahindi?

Hapana. Kondoo hutafuna punje nzima vizuri, tena ni salama kuliko unga laini. Ila mashudu yatajitenga chini ya hori. Nyunyiza maji kidogo yashikane, na yaliyobaki jioni yatoe.