Jaribu katoni moja kwanza

Wafanyabiashara wenzangu, kipindi hiki bei hazitabiriki, msimwage mtaji wote kwenye bidhaa mpya. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005 ilikusudiwa kurejeshea mikopo midogo. Wateja wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, basi ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa ndiko kulikotangulizwa.

Dukani nina daftari pembeni ya mizani. Mtu akiulizia kitu nisichokuwa nacho, naandika hapohapo. Ijumaa nahesabu: kilichoulizwa mara tano naleta katoni moja tu. Wiki mbili zikipita haijaisha, siongezi, hata kama duka la jumla wameshusha bei. Na hasara ninayoweza kuibeba naiandika kabla ya kununua, maana mzigo ukishafika dukani moyo hukataa kuuachia.