Kuziba upepo wa milango na madirisha: maelezo ya seremala wa Njombe

Ikifika Juni simu yangu haipumui. Kila anayepiga anataka mlango mpya, eti wa zamani "unaleta baridi". Huwa nawaambia wangoje kwanza. Mji wetu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusi unaingia bila hodi popote penye upenyo. Kazi ya kwanza ni kujua upenyo uko wapi, na mara nyingi hauko pale unapopashuku.

Subiri usiku. Zima taa zote, mtu mmoja atoke nje na tochi aipitishe taratibu kuzunguka fremu. Wewe uliye ndani tia alama ya chaki kila unapoona mwanga. Kwa mlango, weka karatasi ya daftari kwenye fremu, funga, kisha ivute: ikitoka kirahisi, hapo hapabani. Upenyo uliopinda hauonyeshi mwanga, kwa hiyo siku yenye upepo washa dawa ya mbu ya kuchoma uisogeze pembeni mwa fremu na kuangalia moshi unakokimbilia. Mshumaa siutaki katika kazi hii, mapazia yako karibu mno.

Sasa shika jambo moja: panapofunguka huzibwa kwa kitu laini, pasipofunguka huzibwa kwa kitu kigumu. Mbao nyingi hapa kwetu ni za misindano, na wateja hupenda zilizopasuliwa juzi kwa sababu bei yake ni nafuu. Hizo zikikauka ukutani zinasinyaa na kupinda. Hata ubao uliokauka vizuri hunywa unyevu wakati wa mvua ukavimba, kiangazi ukasinyaa tena. Ukijaza ukingo wa mlango kwa puti mwezi wa Julai, Januari utaufungua kwa bega.

Anza na bawaba. Mlango ulioinama huacha nafasi juu, upande wa kitasa, huku kona ya chini ikikwaruza sakafu. Kinachosababisha ni skrubu za bawaba ya juu kulegea. Zitoe, jaza matundu kwa njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao, acha zikauke hadi kesho yake, kata zilizochomoza, kisha rudisha skrubu. Nimeona milango iliyotiwa sponji pande zote wakati dawa yake ilikuwa hizo njiti.

Chini ya mlango ndiko kunakoingia baridi nyingi kuliko kwingine. Chukua tyubu kuukuu ya baiskeli, ipasue kwa urefu, ioshe ule unga wa ndani. Kata mkanda unaolingana na upana wa mlango, uweke upande wa ndani ili mpira uguse sakafu kidogo tu, kisha upigilie pamoja na kijiti chembamba cha mbao juu yake. Bila kijiti, mpira utachanika kwenye misumari. Mpangaji asiyeruhusiwa kugusa mlango ashone mfuko mrefu wa kitenge, aujaze maranda, aulaze hapo kila usiku. Maranda njooni mchukue, kwangu hayauzwi.

Pembeni na juu ya mlango bandika utepe wa sponji wenye gundi. Mahali pake ni kwenye fremu, pale mlango unapogota, si kwenye ukingo wa mlango ambako utasuguliwa na kuchunika. Futa vumbi kwanza, la sivyo utang'oka wiki hiyohiyo.

Kati ya fremu na ukuta mambo ni tofauti, kwa kuwa hapo hapafunguki. Kwangua lipu iliyolegea, lowesha tofali kwa maji, shindilia udongo wa saruji, kipimo kimoja kwa mchanga mara tatu. Ufa mwembamba kuliko kidole utie silikoni.

Kioo kinachotikisika upepo ukipiga kimepoteza puti. Bandua ya zamani yote, paka mafuta kidogo ya rangi kwenye mbao, kisha kandamiza puti mpya kwa dole gumba na uilaze kwa kisu. Dirisha la aluminiamu la kusukuma lina brashi ndogo ndani ya reli. Zikiisha, fundi aluminiamu atakubadilishia. Vile vitundu vya chini ya reli usivizibe hata kidogo: ni njia ya maji ya mvua, yakikosa pa kutokea yatakuja sebuleni.

Halafu matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha. Watu huyajaza viroba. Yaacheni wazi, hasa nyumba inayoota moto wa jiko la mkaa. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na chumba kilichozibwa vizuri huikusanya haraka. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama makaa yanaonekana kufifia.

Mvua zikianza na mlango ukagoma kidogo, sugua sabuni ya mche kwenye ukingo wake na uvumilie. Anayeuranda Februari ndiye anayenipigia Julai.