Sufuria Moja, Mitungi Minne: Kupika Eli ya Kulinganisha Hopsi na Hamira

Wengi wanaoanza kupika bia nyumbani hubadilisha kila kitu kwa mpigo mmoja: hopsi mpya (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), hamira mpya, kimea kipya. Bia ikitoka tamu, hawajui wamshukuru nani. Njia ninayoieleza hapa inatumia maji ya kimea ya sufuria moja, yanayogawanywa katika mitungi minne, kwa hopsi mbili na hamira mbili. Mtindo ni peili eli ya Kimarekani, aina ya bia ya rangi hafifu, kwa sababu kimea chake ni cha upole na hakifichi kitu.

Huku Marekani ninakopikia, sheria ya shirikisho inamruhusu mtu mzima kupika takriban lita 380 kwa mwaka za matumizi ya nyumbani, si za kuuza. Ulipo wewe, ulizia sheria kabla hujawasha jiko.

Mahitaji

Sufuria ya lita 25, mfuko wa kitambaa chenye matundu madogo unaoenea ndani yake, kipimajoto, haidromita (kifaa kinachoelea na kuonyesha kiasi cha sukari katika maji ya kimea), mizani inayosoma gramu, na mitungi minne ya kioo ya galoni moja yenye vizibo vya kutolea hewa. Kimea cha shayiri cha rangi hafifu kilo 2.8 na kimea cha karameli gramu 250. Vyote viparazwe tu, visisagwe vikawa unga. Hopsi za vidonge: Magnum gramu 15, Cascade gramu 30, Citra gramu 30. Hamira kavu: pakiti moja ya SafAle US-05 na moja ya SafAle S-04.

Hatua ya 1: Maji

Pima lita 18.5. Maji ya bomba huwa na klorini, nayo huiachia bia ladha ya dawa. Robo ya kidonge cha Campden (dawa ya salfaiti ya wapika bia), iliyosagwa na kukorogwa ndani, inaiondoa.

Hatua ya 2: Kuloweka kimea

Pasha maji hadi nyuzijoto 70, tandika mfuko, kisha mimina kimea taratibu huku ukikoroga ili kisifanye madonge. Joto litashuka hadi 66 au 67. Funika, zungushia blanketi, acha saa nzima. Ukiloweka kwenye 64 bia itakuwa nyepesi na kavu. Kwenye 69 itabaki nzito mdomoni. Inua mfuko, acha uchuruzike. Machicha wape kuku, kama unao.

Hatua ya 3: Kuchemsha

Chemsha dakika 60. Magnum yote iingie mwanzoni, baada ya povu la kwanza kutulia; usiondoke hapo jikoni, maana hufurika ghafla. Kazi yake ni uchungu tu. Mapishi mengi yatakuambia utie hopsi za harufu dakika za mwisho. Usitie. Ukizitia sasa, zitaingia katika mitungi yote minne na ulinganisho umekufa.

Hatua ya 4: Kupoza na kugawa

Zamisha sufuria kwenye karai la maji ya barafu hadi maji ya kimea yafike nyuzi 20. Kuanzia hapa kila kinachogusa bia kiwe kimeuliwa vijidudu. Haidromita isome karibu na 1.050. Jaza lita 3 kila mtungi, ukimimina kwa kishindo ili hewa iingie, na ubandike majina papo hapo: US-05 na Cascade, US-05 na Citra, S-04 na Cascade, S-04 na Citra.

Hatua ya 5: Hamira

Gramu 2.5 kila mtungi, juu ya povu, bila kukoroga. US-05 ni hamira ya Kimarekani isiyo na makeke: inakula sukari karibu yote na kuziachia hopsi uwanja. S-04 ni ya Kiingereza. Huanza kwa kasi, huleta harufu ya matunda, hutuama chini na kushikamana, na mara nyingi huacha utamu kidogo. Weka mitungi yote mahali pamoja, gizani, kwenye nyuzi 18 hadi 20. Mtungi mmoja ukikaa karibu na hita, utakuwa unapima hita.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa asiye na friji ya ziada atapata shida hapa, kwani kwenye nyuzi 30 hamira hizi hutoa ukali unaochoma koo. Badala yake, tafuta kveik, hamira ya wakulima wa Norwei. Aina ya Voss hufanya kazi vizuri hata kwenye nyuzi 35 na huleta harufu ya machungwa.

Hatua ya 6: Hopsi za harufu

Hapa ndipo penye utamu wa kazi. Subiri povu lishuke na viputo vipungue, kwa kawaida siku ya sita au ya saba, kisha tia gramu 15 za hopsi husika katika kila mtungi. Fungua na ufunge haraka, maana oksijeni huua harufu. Siku tatu zinatosha. Zikikaa sana huleta ladha ya majani mabichi.

Cascade ilitolewa kwa wakulima mwaka 1972 na ndiyo iliyoipa eli ya Kimarekani sura yake: balungi, maua, kidogo msonobari. Citra ilikuja mwishoni mwa miaka ya 2000, nayo inanukia embe, pasheni na ndimu. Mimi kwa US-05 naichagua Citra, lakini kwa S-04 Cascade inapendeza zaidi. Citra juu ya matunda ya hamira ile inakuwa kelele.

Hopsi zina vimeng'enya vinavyovunja sukari ngumu, kwa hiyo hamira inaweza kuamka tena. Pima baada ya hopsi, si kabla. Usomaji ukibaki uleule kwa siku tatu, karibu 1.010 kwa US-05 na 1.012 kwa S-04, bia imeiva.

Hatua ya 7: Chupa

Tumia chupa nzito za kahawia, gramu 3 za sukari kwa kila chupa ya nusu lita. Usizidishe, chupa hupasuka. Nyonya bia kwa mpira bila kugusa mashapo. Wiki mbili kwenye nyuzi 20, kisha friji.

Hatua ya 8: Kuonja

Usimwambie mwonjaji kilichomo. Mpe vikombe vitatu, viwili vya bia moja na kimoja cha nyingine, akitafute kilicho tofauti. Kwa kubahatisha tu atapatia mara moja kati ya tatu, kwa hiyo rudia na watu kadhaa. Anza na jozi zenye hopsi moja na hamira tofauti, kwa sababu tofauti yake ni ndogo na Citra ikishatangulia inashika ulimi. Fanya hivyo ndani ya mwezi wa kwanza, harufu ya hopsi ikiwa bado hai.