Kilo Moja kwa Mwaka: Jinsi ya Kuugundua na Kuusimamisha Unene Unaokuja Polepole

Fundi wangu wa nguo, ambaye kibanda chake kipo Majengo hapa Moshi, huhifadhi madaftari yote ya vipimo vya wateja wake. Mwaka jana nilipompelekea kitenge cha sare ya harusi ya mdogo wangu, alilifungua daftari la zamani, akalilinganisha na futi aliyokuwa ameishika, kisha akaniambia kwa heshima, "Mwalimu, tulipoanza kiuno chako kilikuwa inchi 31, leo ni 36." Katika miaka hiyo tisa sikuwa nimeugua wala sikumbuki kubadili chakula, na wote waliowahi kuugusia mwili wangu walisema kwamba nimenawiri, nami nikawashukuru. Nilipopanda mizani nilikuwa na kilo 72, ilhali cheti cha uchunguzi wa afya nilichopewa nilipoajiriwa kilionyesha kilo 61.

Kilo 11 zikigawanywa kwa miaka tisa ni kilo moja na ushee kwa mwaka, yaani gramu 100 hivi kwa mwezi, ambazo kwa siku ni uzito usiofikia kijiko kimoja cha chai cha sukari. Hakuna jicho linaloweza kuliona ongezeko la namna hiyo. Mwili wenyewe hupanda na kushuka kilo moja hata mbili ndani ya siku chache kwa sababu ya maji, chumvi na chakula kilichomo tumboni, kwa hiyo gramu 100 za mwezi huzama ndani ya mabadiliko hayo ya kawaida, nawe unayejitazama kwenye kioo kila asubuhi unauona mwili ule ule wa jana.

Hapa kwetu yapo pia mambo yanayousaidia unene kujificha. Kuanzia Juni hadi Agosti watu wa Moshi, na zaidi wenzetu wa Arusha walio juu zaidi, hutembea na masweta na makoti, na mtu anaweza kuivuka miezi hiyo yote bila kuona umbo lake mwenyewe. Sisi wanawake tuna madera na sketi za mpira, ambazo hazikatai mwili wowote. Wanaume nao hujiaminisha kwa ukubwa wa suruali: atakuambia kwamba amevaa namba 34 tangu ujana wake, na ni kweli, ila mkanda umeshuka ukakaa chini ya kitambi, na kitambi chenyewe hakijapimwa na mtu. Lililo zito kuliko yote ni hofu ya kukonda. Kwa miaka mingi mtu aliyepungua alidhaniwa kuwa mgonjwa au mwenye dhiki, na mwanamke aliyepungua baada ya kuolewa huonekana hatunzwi, ndiyo maana wapo wanaolijua ongezeko lao na kulipokea kama heshima.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupata kipimo kisichotegemea macho wala maneno ya watu. Chagua siku moja ya mwezi, mathalani Jumamosi ya kwanza, upime asubuhi baada ya kwenda msalani na kabla ya kunywa chai, ukiwa na nguo nyepesi na bila viatu. Mizani ikae juu ya sakafu ngumu, si juu ya zulia, na iwe ile ile kila mwezi, kwa kuwa mizani mbili hutofautiana kwa urahisi. Kama huna mizani nyumbani, wapo vijana wa mjini wanaopima uzito kwa malipo kidogo, nawe utaweza kumtumia mmoja huyo huyo, kwa saa ile ile na nguo za aina ile ile. Andika tarehe na namba kwenye daftari. Usiyasome matokeo ya mwezi mmoja kana kwamba yana habari. Linganisha mwezi huu na mwezi kama huu wa mwaka uliopita.

Kiuno kina habari zaidi kuliko mizani, kwa sababu mafuta yanayojikusanya tumboni ndiyo yanayohusiana zaidi na kisukari na maradhi ya moyo. Futi ya fundi cherehani inatosha. Tafuta kwa vidole ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, uizungushe futi katikati ya sehemu hizo mbili, juu ya ngozi na si juu ya nguo, kisha toa pumzi kwa kawaida na usome bila kulivuta tumbo ndani. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba hatari huanza kuongezeka kiuno kinapozidi sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume, na huwa kubwa zaidi kinapozidi 88 na 102. Inchi zangu 36 ni sentimita 91, na hapo ndipo nilipoacha kujiambia kwamba nimenawiri tu.

Ukipenda uwiano wa uzito na urefu, gawanya kilo zako kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mimi nina mita 1.60, ambayo ikizidishwa kwa yenyewe ni 2.56, kilo 61 zilinipa 23.8 na kilo 72 zikanipa 28.1. Uzito wa kawaida ni kati ya 18.5 na chini ya 25, na kuanzia 30 ni unene uliokithiri.

Sasa ifike kazi yenyewe, ambayo watu wengi huiruka na kukimbilia kujinyima. Ongezeko la polepole halitoki kwenye ulafi. Hutoka kwenye jambo dogo lililoingia katika maisha yako siku fulani na halikuondoka tena. Kwa makadirio ya watafiti, kila kilo moja ya ziada inayodumu mwilini hulingana na nyongeza ya kudumu ya kalori 24 hivi kwa siku, na mwili huchukua karibu mwaka mmoja kulifikia nusu ya badiliko hilo na miaka mitatu kulikaribia lote. Kilo zangu 11, basi, zilitaka maelezo ya kalori 260 kwa siku. Chukua karatasi uandike kwa miaka, si kwa vyakula: ulihama lini, ulibadili kazi lini, ulijifungua lini, ulianza lini kupanda bodaboda, ni lini nyumba yako ilipata jokofu la soda. Nilipofanya hivyo niliona mambo matatu, na yote yalikuwa na mwaka wake.

La kwanza lilikuwa kutembea. Nilipokuwa nikiishi mtaa wa Pasua nilikwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu, jumla ya kilomita nne hivi kwa siku, ambazo kwa mtu wa uzito wangu ni kama kalori 150. Nilipohama nikaanza kupanda daladala, na sikumbuki kwamba nilikula pungufu hata tonge moja kwa sababu ya hilo. La pili lilikuwa chai ya ofisini. Kikombe chenye vijiko vitatu vya sukari kina gramu 12, na vikombe viwili vilivyoongezeka juu ya vile vya nyumbani ni kalori 96 kila siku ya kazi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari inayoongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba ikishuka chini ya asilimia 5, yaani takriban vijiko sita kwa mtu mzima, manufaa huongezeka. Mimi nilivimaliza vijiko sita kabla ya saa saba mchana.

La tatu, mafuta ya kupikia, ni gumu kuliona kwa sababu hakuna anayeyala peke yake. Njia niliyoiona kuwa bora ni kuandika kwa kalamu juu ya chupa tarehe uliyoifungua. Lita moja ya mafuta ina kalori zaidi ya 8,000; familia ya watu watano inayoimaliza kwa siku 10 inampa kila mmoja kalori 165 hivi kwa siku, na ikiifikisha siku 15 inampa 110. Tofauti hiyo haionekani kwenye sahani, na mboga haipotezi ladha yake. Mtori na ndizi za nyama sikuvipunguza, wala sioni sababu ya mtu wa huku kuviacha. Nilichopunguza ni chapati ya pili na kukaangia kwa kumimina.

Rudisha jambo moja kwanza, uliache lizoeleke mwezi mzima, kisha ulifuate la pili. Mimi nilianza na kushuka daladala njiani na kumalizia safari kwa miguu. Usitarajie mizani ishuke haraka kuliko ilivyopanda; kwanza iache kupanda, kwani huo nao ni ushindi unaoweza kuuona kwenye daftari ndani ya miezi sita.

Desemba ihesabiwe kwa namna yake. Tunapopanda migombani kwa ajili ya Krismasi, kuna nyama, mbege, vipaimara na harusi zenye ndafu, na hakuna anayepaswa kukaa pembeni na chupa ya maji. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000, uliowafuata watu wazima 195, ulionyesha kwamba waliongezeka wastani wa kilo 0.4 tu wakati wa sikukuu, lakini nyongeza hiyo haikuondoka miezi iliyofuata. Pima, basi, mwanzoni mwa Desemba na mwishoni mwa Januari, na usiuanze mwezi wa Machi ukiwa juu ya pale ulipokuwa.

Yapo maongezeko ambayo si ya kuyatafuta kwenye chai. Ukiongezeka kilo kadhaa kwa wiki moja au mbili, miguu ikivimba au pumzi ikikubana, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukiongezeka huku unahisi baridi kuliko wenzako, uchovu na kufunga choo, omba upimwe tezi ya shingo. Sindano ya uzazi wa mpango, prednisolone (dawa ya kutuliza uvimbe mwilini), baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zinaweza kuongeza uzito, na asiziache mtu yeyote kwa sababu hiyo bila kuzungumza na aliyemwandikia. Na kama kiuno chako kimeshavuka vipimo nilivyovitaja, omba upimwe shinikizo la damu na sukari hata kama hujisikii vibaya, iwe ni hospitali ya Mawenzi hapa Moshi, Mount Meru ya Arusha au zahanati iliyo karibu nawe, na uende na daftari lako, kwa kuwa daktari atakuuliza uzito ulianza kupanda lini.