Safari ya kwanza Ulaya mwisho wa baridi: ninavyompangia mtu kutoka Dar hadi Roma na Paris

Kila mwaka ikifika mwezi wa tisa simu zinaanza, dada na mimi nataka nikaone Ulaya, nianzie wapi. Siyo kazi yangu ya kuajiriwa ila nimepangia ndugu na marafiki mpaka nimepata utaratibu wangu, na wengi nawapeleka mwisho wa Februari kuingia Machi maana tiketi na hoteli zinakuwa zimepoa kidogo na foleni hazitishi kama za mwezi wa saba. Baridi watu wanaiogopa bure jamani, koti zuri linamaliza kesi. Kinachowaharibia safari ni mchana mfupi, mtu anajaza nchi tano kwenye siku kumi anaishia kupiga picha za stesheni usiku.

Hatua ya 1: chora njia kwanza, tiketi baadaye

Kwa mara ya kwanza mimi nakupa usiku 10 tu: Roma 5, Florence 2, Paris 3. Basi. Naanzia kusini kwa sababu mwisho wa Februari Roma mchana inafika nyuzi 13 au 14 na usiku inashuka kwenye 4 au 5, wakati Paris mchana ni 8 au 9 hivi, kwahiyo mwili unazoea polepole. Alafu angalia jua: Roma linachomoza kama saa moja kasoro asubuhi na saa 12 jioni limeshazama, Paris linachelewa mpaka saa moja na nusu asubuhi ndo unaona mwanga, ila jioni linakusubiri mpaka saa 12 na nusu. Vitu vya nje vyote weka kati ya hapo, na vya ndani (makumbusho, makanisa, maduka) weka mapema asubuhi au jioni.

Kuna wanaoniambia nataka tulipu za Uholanzi. Hapana, Februari hamna, bustani yenyewe ya Keukenhof inafunguliwa kwenye tarehe 20 Machi hivi na maua yenyewe hasa ni Aprili.

Tiketi ya ndege tafuta ya kuingilia Roma na kutokea Paris, usirudi Roma kupanda ndege ya nyumbani, unachoma siku nzima na hela. Kutoka Dar zipo Ethiopian kupitia Addis, Qatar kupitia Doha, Turkish kupitia Istanbul, zote zinafika miji yote miwili. Kwa sasa shika buking tu, usilipie tiketi isiyorudishwa kabla ya viza.

Hatua ya 2: viza ya Schengen, na hapa nitakaa kidogo

Schengen ni nchi za Ulaya zilizokubaliana kutumia viza moja. Viza hiyo moja inakupa nchi 29, lakini Uingereza na Ireland hazimo, hilo watu wanalisahau sana. Unaomba kwenye nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Kwa njia yetu Italia ni usiku 7 na Ufaransa 3, basi unaomba kwa Wataliano, hata kama una shemeji Paris. Ikitokea siku zimelingana unaomba kwenye nchi unayoingilia kwanza.

Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla, ila usiende na hizo siku 15. Kawaida majibu ni ndani ya siku 15, wakitaka kuchunguza zaidi zinafika 45, na katikati kuna Krismasi na mwaka mpya, ofisi zimefungwa. Mtu wa mwisho wa Februari mimi namtaka awe ameshapeleka karatasi mwanzoni mwa Desemba. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka 11, chini ya hapo bure, na ukinyimwa hairudi. Kituo cha kupokea maombi nacho kina ada yake juu.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki na angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya, na kurasa mbili tupu. Bima ya safari iwe na kiwango kisichopungua yuro 30,000, na iandike wazi kwamba inafanya kazi nchi zote za Schengen, soma karatasi kabla ya kutoka dukani kwa wakala.

Stetimenti ya benki sasa. Kuna binamu yangu alikopa hela akazitumbukiza kwenye akaunti wiki moja kabla, akaunti iliyokuwa imelala mwaka mzima, eti ionekane nono. Alinyimwa, na wala sikushangaa. Afisa anataka kuona maisha yako: mshahara au mauzo yanaingia, kodi ya nyumba inatoka, kinachobaki kinatosha safari. Kama hela ya biashara yako yote inazunguka kwenye simu, anza miezi 6 kabla kuipitisha benki. Na barua ya kazi au leseni ya biashara weka, hati ya kiwanja kama ipo weka, ruhusa ya likizo yenye tarehe zinazofanana na za tiketi weka. Tarehe zifanane kila mahali, yani hoteli, bima, likizo, ndege. Hapo ndo wengi wanaanguka, kwa uzembe tu.

Hatua ya 3: nguo

Usinunue koti Ulaya, nenda mitumba. Dar nenda Karume asubuhi, ukiwa Moshi nenda Memorial, makoti ya maana yapo kwa bei ya kuelewana. (Nacheka kila mara, koti limetoka huko kwenye belo, sasa unalirudisha kwao.) Liwe linazuia maji maana msimu huu mvua ni nyingi kuliko theluji, Roma na Paris unaweza usione theluji kabisa.

Siri ni kuvaa tabaka: fulana ya kubana, sweta, koti juu. Ndani ya majengo na metro (treni za mjini za chini ya ardhi) kuna joto, utavua na kuvaa mara kumi kwa siku, kwahiyo sweta moja nene kama godoro haikusaidii. Kama umewahi kulala Makete mwezi wa saba baridi ya Roma hutaiona mpya. Viatu vilivyozoea mguu wako, siyo vipya, mawe ya barabara za Roma hayana huruma. Mafuta ya mgando usisahau, midomo inapasuka siku ya pili.

Adapta ya umeme nunua hapa hapa Kariakoo, soketi zao ni za pini mbili za mviringo.

Hatua ya 4: chakula kwenye begi

Nyama na maziwa ya aina yoyote hayaruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya kutoka kwetu, kwahiyo nyama ya kukausha ya bibi na samli vibaki. Matunda mengi yanadai cheti cha afya ya mimea, embe likiwemo, ila ndizi, nanasi, nazi, tende na durian hazidaiwi. Mwenye kufunga hii ni habari njema, maana mwaka 2026 na 2027 mwisho wa Februari unaangukia ndani ya Ramadhani, tende zako unabeba bila wasiwasi na Roma unafuturu kwenye saa 12.

Hatua ya 5: tiketi za huko na hesabu ya saa

Treni ya kasi Roma kwenda Florence ni kama saa moja na nusu, ukinunua mapema bei iko chini sana kuliko siku yenyewe. Florence kwenda Paris panda ndege, treni itakula mchana wako wote.

Colosseum, ule uwanja wa kale wa Roma, msimu wa baridi inafungwa mapema, saa 10 na nusu jioni mpaka mwisho wa Februari, na wa mwisho anaingia lisaa limoja kabla ya kufunga. Jumapili ya kwanza ya mwezi ni bure, pamoja na makumbusho ya serikali Italia, ila foleni yake uvumilie. Makumbusho ya Uffizi ya Florence hayafunguliwi Jumatatu, ya Louvre kule Paris hayafunguliwi Jumanne, na kuanzia Januari 2026 Louvre sisi wa nje ya Ulaya tunalipa yuro 32, iweke kwenye bajeti usije ukashtukia mlangoni.

Na saa jamani. Nilimpeleka shangazi, tiketi imeandikwa 7:10, nikamkuta asubuhi ametulia na kanga anaweka maji ya chai, ananiambia "mwanangu si saa saba na dakika kumi, tuna muda". Tulikimbia mpaka Termini, stesheni kuu ya Roma, koti likiwa mkononi. Tangu siku ile kila tiketi naandika pembeni kwa kalamu, saa 1:10 asubuhi. Ukisafiri mwisho wa Machi jua pia kwamba Jumapili ya mwisho ya mwezi saa zao zinasogezwa mbele, simu inajirekebisha, saa ya kuvaa mkononi haijirekebishi.

Hatua ya 6: siku ya kufika

Mpakani wanachukua alama za vidole na picha, foleni inakuwepo. Printi hoteli, bima na tiketi ya kurudi, usitegemee simu yenye chaji asilimia 4. Ukitua Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, panda treni ya Leonardo Express mpaka Termini, yuro 14, dakika 32. Maji usinunue, Roma ina mabomba ya barabarani yanatiririka bure na ni salama, beba chupa yako. Kahawa kunywa umesimama kaunta, ukikaa mezani bei inapanda.

Siku ya kurudi chini ya koti vaa tisheti nyepesi, Dar mwanzoni mwa Machi ukishuka kwenye ndege joto linakupokea mlangoni, na foleni ya mabegi bado.